Kinanda Hakikuua Ushairi, Sisi Ndio Tulipiga Makofi

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, safu ya tatu, katika mkutano wa watu wa fasihi hapa Dar es Salaam. Mada ilikuwa hali ya ushairi wa Kiswahili. Mzungumzaji alikuwa mhadhiri mstaafu ambaye miaka mingi iliyopita alinifundisha, na ninayemwamkia shikamoo mpaka leo bila kulazimishwa na mtu. Alisema kwamba ushairi wetu uliuawa na kinanda. Siku mtoto wa miaka kumi na sita alipoweza kubonyeza kitufe na mdundo ukatoka wenyewe, siku hiyo aliacha kufikiri, akaacha kuhesabu mizani, akaanza kupayuka. Akamalizia kwa kutaja singeli, akatikisa kichwa, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Na mimi nikapiga.

Nimeandika makala hii kwa sababu ya makofi yale. Sikuyapiga kwa kuwa nilikubali. Niliyapiga kwa sababu watu wa pembeni walikuwa wanapiga, na kwa sababu nilivaa shati la kola na kitambulisho shingoni na nikajisikia mmoja wao. Kiukweli, katika ukumbi ule huenda mimi ndiye niliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kunyanyua mkono na kusema hapana, mwalimu, umekosea. Maana mimi nilikuwa chumbani siku kinanda kilipofika.

Mwaka 2006 nilikuwa kidato cha tatu, tunakaa Tandika. Wanaoukumbuka mwaka ule wataukumbuka kwa mgao wa umeme. Mabwawa yalikauka, umeme ukawa unakuja kama mgeni wa heshima, saa chache kisha anaaga. Katikati ya giza hilo rafiki yangu wa darasani, ambaye hapa nitamwita Mwenye Kinanda, akapata bahati ambayo mtaa mzima uliizungumza. Mjomba wake aliyekuwa akifanya kazi Muscat alirudi likizo na boksi refu. Ndani yake kulikuwa na Yamaha ya familia ya PSR, vitufe sitini na moja, bado ina harufu ya plastiki mpya. Mjomba alidhani anamletea dada yake kifaa cha kwaya. Dada yake, yaani mama wa rafiki yangu, akakitazama, akasema kimewekwe chumba cha uani mpaka atakapopata mtu wa kukipiga. Sisi ndio tukawa watu wa kukipiga.

Tulikuwa wanne: Mwenye Kinanda, mimi, kijana mmoja wa nyumba ya tatu ambaye baba yake alikuwa fundi redio, na mdogo wake Mwenye Kinanda, binti wa kidato cha kwanza ambaye rasmi alikuja kutuletea maji ya kunywa na kwa kweli alikuwa na sikio kuliko sote. Hakuna aliyejua noti hata moja. Kinanda kilikula betri sita kubwa, zile nene za redio za vijijini, na betri sita zilikuwa hela ya chakula cha shule cha wiki kadhaa. Kwa hiyo kila dakika ya kukiwasha ilikuwa na bei. Niwaambie jambo moja wanaosema kwamba kifaa kinamfanya mtoto awe mvivu: hakuna mtu anayefanya kazi kwa bidii kama mtoto anayesikia betri zinakwisha.

Kurekodi kulikuwa hivi. Redio kaseti ya mbao ya yule mtoto wa fundi inawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua mbili kutoka kwenye spika ya kinanda. Karibu sana, mdundo unameza sauti. Mbali sana, sauti inameza mdundo. Tulipima kwa vigae vya sakafu: kigae cha nne kwa anayechana, cha sita kwa wa kiitikio. Blanketi mlangoni, godoro dirishani, na joto la Dar mle ndani unalijua. Halafu mtu anabonyeza vitufe viwili vya kaseti kwa pamoja, anahesabu kwa vidole, tunaanza. Ukikosea, unarudisha kaseti kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri, kisha unaanza upya tangu neno la kwanza. Hakukuwa na kukata na kubandika. Wimbo wa dakika tatu ulikuwa dakika tatu za watu wanne kutokosea. Wangapi kati yetu tuliokaa kwenye viti vile vya plastiki tumewahi kusimamia ukurasa mmoja wa maandishi yetu kwa adabu hiyo?

Sasa nije kwenye mizani, maana hapo ndipo hoja ya mwalimu wangu inapoanguka.

Shuleni tulifundishwa kwamba shairi la tarbia lina mishororo minne, kila mshororo una mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule, na vina vya kati na vya mwisho. Tuliandika kwenye daftari, tukafanya mtihani, tukasahau. Mimi binafsi nilipata alama nzuri na sikuwa najua mizani ni nini. Nilijua kuhesabu herufi kwa penseli. Kwamba ule ni muziki, kwamba zile nane ni hatua za mguu, hakuna aliyetuambia.

Kinanda kilituambia ndani ya siku moja. Ule mdundo wake wa kawaida una mapigo manne kwa kila mzunguko. Gawa kila pigo mara mbili, unapata nane. Silabi nane zinakaa ndani ya mzunguko mmoja kama mayai kwenye trei, na mshororo wa mizani kumi na sita unajaza mizunguko miwili bila kubaki hata ufa. Hatukujua kwamba tunatunga tarbia. Tulijua tu kwamba maneno yakiwa saba kuna shimo, na yakiwa tisa unakimbizwa.

Mwenye Kinanda ndiye aliyeandika wimbo wenyewe. Mwaka huohuo vibanda na magenge vilivunjwa sehemu nyingi za jiji, na genge la mtaani kwetu, alikokuwa akikopa mama yake, liliondoka asubuhi moja pamoja na nyanya zake. Aliandika hivi:

Mama kanituma mboga, usiku wa kiza sana,
Moyoni nina uoga, genge limevunjwa jana,
Mtu mzima aoga, machozi mbele ya wana,

na mshororo wa nne nitauzungumzia baadaye.

Mshororo wa tatu ulitutoa jasho. Tulihesabu kwa vidole tukaona kipande cha kwanza ni kifupi, eti kina silabi sita tu: tu, zi, ma, a, o, ga. Tukataka kuongeza neno. Yule binti akasema tusiongeze kitu, tuimbe kwanza. Tukaimba. Kikajaa. Tukaimba tena, kikajaa tena. Akatuonyesha kwa kugonga ndoo: ile m ya mtu na ile m ya mzima zinasimama peke yake, kila moja inadai pigo lake, wakati m ya mboga inapanda mgongoni mwa b na haidai kitu. M-tu-m-zi-ma-a-o-ga. Nane. Binti wa miaka kumi na nne, na ndoo, na mashine iliyotoka Oman, alitufundisha tofauti ya m iliyo silabi na m isiyo silabi, jambo ambalo nilikutana nalo tena miaka mitano baadaye chuoni kwenye somo la fonolojia, likifundishwa kwa michoro. Nilicheka peke yangu darasani. Na aliyekuwa akifundisha somo jirani, jamani, alikuwa huyuhuyu mwalimu wa mkutanoni.

Kwa hiyo anaposema kinanda kiliwafanya vijana waache kuhesabu mizani, najiuliza amewahi kukaa chumba gani.

Najua jibu litakuja: hilo ni kisa chenu ninyi wanne, kwa jumla mambo ni mengine. Sawa. Tuzungumze kwa jumla.

Shutuma kubwa dhidi ya kinanda ni kwamba mdundo wake ni wa kiwandani. Mtoto haubuni, anaukuta. Mwaka 1981 kampuni ya Casio ya Japani ilitoa kinanda kidogo kinachoitwa MT-40. Midundo yake iliundwa na Okuda Hiroko, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuo cha muziki. Miaka michache baadaye, kule Kingston, Jamaika, vijana wawili, Noel Davey na Wayne Smith, wakawa wanakichezea kinanda hicho, wakaukuta mdundo mmoja, wakaupunguza mwendo, wakaupeleka kwa King Jammy. Mwaka 1985 ukatoka wimbo uitwao Under Mi Sleng Teng, na reggae haikurudi ilipokuwa. Mamia ya nyimbo zimejengwa juu ya mdundo huohuo. Kiwandani ulikuwa kitufe kimoja kati ya vitufe. Kingston ukawa zama.

Lakini hata hatuhitaji kwenda Kingston. Tarbia yenyewe ni nini kama si mdundo uliokutwa? Muyaka bin Haji wa Mombasa hakubuni silabi. Alipokea umbo, akalitoa kwenye mambo ya dini na kulishusha sokoni, kwenye mapenzi na vita na njaa na mafumbo ya mtaani, na kwa hilo tunamheshimu karibu miaka mia mbili baadaye. Kila aliyetunga tarbia baada yake ameazima boksi lilelile lenye vyumba nane na nane. Hatusemi alikuwa mvivu kwa kuwa hakubuni boksi. Tunauliza ameweka nini ndani. Kwa nini mtoto wa Tandika asiulizwe swali hilohilo?

Na hili la ugeni wa kifaa nalo linanichosha. Taarab tunayoililia, ile ya fidla na kanuni, ililetwa na meli. Sultani Barghash alimtuma mtu Misri akajifunze, ndipo Unguja ikapata ilichopata. Kanuni ilikuja kwa maji, fidla ikaja kwa maji, gitaa la dansi likaja kwa maji, Yamaha ikaja kwa ndege. Hata neno lenyewe linatucheka. Fungua kamusi za zamani: kinanda kilikuwa ala ya nyuzi. Kisha watu wakaliita hivyo piano, wakaliita hivyo hata gramafoni. Wahenga walikuwa na roho kubwa kuliko sisi, kila chombo kipya kilichotoa sauti kilipewa kiti kwenye neno lilelile.

Hapa niseme ninachokubali, nisije nikaonekana natetea kila kelele. Kinanda kiliwaondolea watu kazi. Taarab ya kisasa ya miaka ya 1990, vikundi kama East African Melody na TOT, ilionyesha kwamba mtu mmoja mwenye vinanda viwili anaweza kufanya kazi ya safu nzima ya wapiga fidla, na safu nzima ikarudi nyumbani. Wazee waliojifunza kanuni ujanani walikuta hakuna anayewaita kwenye harusi. Hilo ni pigo la kweli, na mtu asimwambie mzee huyo kwamba ndiyo maendeleo. Nakubali pia kwamba nyimbo nyingi zinazotoka vyumbani ni mbovu. Za kwetu zilikuwa mbovu. Tulikuwa na wimbo mmoja kuhusu msichana wa Kidato cha Nne B ambao nikiukumbuka usiku nageuka upande wa pili. Lakini vitabu vingi vya mashairi navyo ni vibovu, hili tunalijua sisi tunaovihakiki, na hakuna aliyesimama akasema karatasi imeua ushairi.

Tena kuna hili, nalo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na ugomvi uliofuata tunaufundisha mpaka leo. Wanamapokeo walisema haya si mashairi. Wanamabadiliko wakasema ushairi si hesabu. Leo Kezilahabi anasomwa vyuoni, na anayemkataa anaonekana mshamba. Safi. Sasa angalia kichekesho: watu walewale waliotufundisha kwamba Kezilahabi ana haki ya kuvunja mizani ndio wanaowalaumu vijana wa kinanda kwa kuvunja mizani, tena vijana ambao, ukikaa ukawasikiliza kwa dakika kumi, utakuta wengi wao hawajaivunja! Msomi akivunja, ni falsafa. Mtoto wa uswahilini akishika, ni kupayuka. Kwa hiyo ugomvi wetu haukuwa na uhusiano na mizani hata siku moja. Tulikuwa tunauliza nani kashika kalamu, na anakaa mtaa gani.

Shaaban Robert hakuwa na tatizo hilo. Alikaa akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kizima kuhusu mwimbaji, mtoto wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu akiuza, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa HMV kwa sababu hapakuwa na mahali pa kurekodia huku. Mwandishi wetu mkubwa kuliko wote aliona kwamba maisha ya mtu huyo na sauti yake ni jambo la fasihi. Tunamnukuu Shaaban Robert kila mahali, hata kwenye kadi za harusi, lakini mfano huu wake hatuufuati. Siti alilazimika kupanda meli. Wajukuu wake wanarekodi chumba cha uani, na hakuna anayetembea hatua ishirini kwenda kuwasikiliza.

Matokeo yake ni nini? Mchiriku ulikua hapa Dar, kwenye mitaa kama Mwananyamala, kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa na spika zinazokoroma, na ngoma za Kizaramo zikipita chini yake. Mwaka 2012 albamu ya Jagwa Music, Bongo Hotheads, ikatolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji. Singeli ikafuata, vijana wa Manzese na Mburahati wakiwa na kompyuta zilizochoka, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mwaka 2017 mkusanyiko wa Sounds of Sisso ukatolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Baada ya hapo magazeti ya Ulaya yakaandika sana. Nimesoma mengi ya maandishi hayo, ni kazi yangu, na karibu yote yanazungumzia mwendo: jinsi ulivyo wa kasi, jinsi unavyotisha, jinsi mwili unavyoshindwa. Kuhusu maneno, kimya. Siwalaumu, hawajui Kiswahili. Mtu asiyejua lugha atasikia mwendo tu.

Lakini sisi tunaojua? Nani kati yetu ameketi akayaandika mashairi ya mchiriku wa miaka ya 1990, kaseti kwa kaseti, akaonyesha mafumbo yake, vijembe vyake, namna yalivyosimulia kufukuzwa kazi, kufiwa na kukosa kodi ya chumba? Nani amehakiki mashairi ya singeli kama tunavyohakiki diwani? Hapa kwenye ukurasa huu tumechapisha uhakiki wa riwaya zilizouza nakala mia mbili, nami nimeandika baadhi yake, na sijutii. Ila wimbo uliosikika kwenye kila daladala ya Mbagala kwa mwaka mzima haujapata hata aya moja. Wenye masikio ya kasi hawana lugha, wenye lugha tumeziba masikio, na katikati kaseti zinaota ukungu.

Sasa nikiri la kwangu, maana bila hilo nitakuwa mnafiki.

Nilipoanza kazi ya uandishi, nikiwa na miaka ishirini na minne, nilipewa safu ya burudani kwenye gazeti moja. Wiki ya tatu nikakosa la kuandika. Nikaandika juu ya vijana wanaorekodi muziki chumbani kwa kompyuta na kinanda. Nikawaita mafundi wa kubonyeza. Nikasema muziki unataka shule. Makala ile ilipendwa, mhariri akaniita ofisini akanipongeza, na wazee wawili walinipigia simu kunishukuru. Jioni hiyo nikapata ujumbe kutoka namba nisiyokuwa nayo. Ulikuwa mfupi: kaseti ninayo bado, na sauti yako imo, wewe ndiye unayepiga makofi nyuma.

Ni kweli. Mimi sikuwa na sauti ya kuimba. Kazi yangu kwenye rekodi zetu zote ilikuwa kupiga makofi, kigae cha saba, karibu na mlango.

Sikumjibu. Nilifuta ujumbe. Ilinichukua zaidi ya miaka kumi, na makofi mengine ya kijinga ukumbini, kumtafuta Mwenye Kinanda.

Nilimkuta Mbagala, ana bajaji mbili, moja anaendesha mwenyewe. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Mkewe akaleta chai na maandazi, akaniita shemeji, akaniuliza kama ni mimi yule wa gazeti, mume wake akamwambia huyu ni wa makofi. Mdogo wake, yule wa ndoo, sasa anafundisha Kiswahili sekondari Lindi. Kinanda chenyewe kiliuzwa mwaka 2009 kulipia ada yake ya shule, na mjomba wa Muscat hakuambiwa mpaka leo. Kaseti ilikuwa kwenye bati la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Shida ikawa kifaa cha kuichezea. Tulizunguka kwa mafundi watatu mpaka tukapata mmoja mwenye redio kaseti inayofanya kazi, tena aliitumia kama kiti cha feni. Tukakaa kwenye benchi lake, magari yakipita, tukabonyeza. Kwanza ukungu wa sauti, kama mvua. Halafu jogoo. Nilikuwa nimemsahau jogoo yule wa jirani, lakini yumo, na vikombe vya muuza kahawa vimo vikigongana kwa mbali, na mama anaita mtu akafunge maji. Kisha mdundo. Kisha sauti ya mtoto wa miaka kumi na sita, nyembamba kuliko nilivyodhani, ikisema mama kanituma mboga. Nyuma yake makofi, yako mbele kidogo ya mdundo. Nilikuwa nawahi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nawahi.

Mwenye Kinanda hakuniangalia. Aliangalia barabara, midomo inafuatisha. Tukafika machozi mbele ya wana, na hapo utepe ukameza. Fundi akaruka kuizima, akautoa taratibu kwa kibanio, sentimita kama arobaini zimekunjamana. Tulipoirudisha, baada ya wana kuna mkoromo tu, halafu kiitikio kinaingia kana kwamba hakuna kilichopotea.

Nikamuuliza mshororo wa nne ulisemaje. Akafumba macho. Hakumbuki. Mimi sikumbuki. Tulimpigia mdogo wake Lindi, alikuwa anasahihisha madaftari, akasema ngoja, akaimba mitatu yote vizuri kabisa na yeye akakwama palepale.

Tangu hapo tunatumiana sauti kwenye WhatsApp karibu kila usiku. Yeye anadai ulikuwa: Leo tutapika soga, na usingizi mwanana. Mimi naamini ulikuwa: Nitarudi bila mboga, na mama atanikana. Yake ina mizani nane kwa nane. Yangu nayo ina nane kwa nane, nimeipima mara tatu. Jana saa sita usiku akaniletea sauti ya sekunde tisa. Kwanza akagonga kitu, nadhani usukani wa bajaji, mapigo manne, kisha akasema wa kwako hauwezi kuwa, bana, umerudia mboga, na mimi hata nikiwa na miaka kumi na sita nisingerudia kina.